Bando Likikata, Unabaki na Gemu Gani?

Ukitaka kuanzisha ugomvi kijiweni bila kutaja Simba wala Yanga, uliza swali moja tu: gemu kali ni za zamani au za sasa? Hapo hapo kijiwe kinagawanyika. Wakubwa waliokulia kwenye vibanda vya PS2 watakwambia hakuna gemu kama San Andreas na hakuna mpira kama ule wa Winning. Madogo wa eFootball na Free Fire watacheka, watachomoa simu, watakuonyesha mchezaji anavyotoka jasho na nyavu zinavyotikisika, halafu watauliza: "Hicho chenu kilikuwa mpira au matofali yanakimbia?"

Ukweli usemwe. Kwenye macho, madogo wameshinda mapema kabisa. Kesi ya picha imefungwa, haina rufaa. Ila ugomvi wenyewe umekaa pabaya, kwa sababu kung'aa siyo swali la maana. Swali la maana ni hili: ukishailipia gemu, ni ya nani? Siku umeme upo, simu ina chaji, ila bando limekata, unabaki na nini mkononi?

Kilobaiti 40 na vidole vinauma

Anza na Mario. Super Mario Bros. ilitoka Japani mwaka 1985, na gemu nzima, na mabonde yake, na majumba yake, na muziki wake, ilikaa kwenye kilobaiti 40. Selfie moja ya kawaida ya simu leo inaizidi mara nyingi. Bongo wengi hawakuikuta kwenye Nintendo yenyewe. Waliikuta kwenye zile mashine za kuigiza kutoka China, zenye kanda imeandikwa "9999 in 1". Unafungua kwa tamaa, unakuta gemu thelathini zinajirudia kwa majina tofauti. Utapeli mtupu, lakini hakuna aliyelalamika, maana Mario ilikuwepo na Contra ilikuwepo.

Na zilikuwa ngumu kinoma. Kulikuwa na sababu. Nafasi ya kuhifadhi gemu ilikuwa ndogo, kwa hiyo watengenezaji hawakuweza kuweka hatua mia tatu. Wakaweka chache na kuzifanya zikutoe roho. Wengi wao pia walitoka kwenye gemu za mashine za sarafu, ambako mchezaji akifa haraka, mashine inakula hela nyingine. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tamaa imeanza leo. Pac-Man ya 1980 ilikuwa inakula sarafu wakati wazazi wa madogo wa sasa hawajaanza hata shule.

Hata watengenezaji wenyewe zilikuwa zinawashinda. Yule Mjapani wa kampuni ya Konami aliyepewa kazi ya kuileta Gradius kwenye mashine ya nyumbani, mwaka 1986, aliona gemu imekuwa ngumu mno kuijaribu. Akaweka njia yake ya siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ikasahaulika humo ndani gemu ikaingia sokoni. Baadaye njia hiyo hiyo ikawapa wachezaji wa Contra maisha 30 badala ya matatu. Angalia hapo tofauti: ile njia ya mkato ilikuwa bure. Ulikuwa unaipata kwa mshikaji, unaiandika nyuma ya daftari la Hisabati, unaigawa mtaani. Leo njia ya mkato inauzwa dukani, ndani ya gemu yenyewe, kwa hela halisi.

Ubaya wake nao ulikuwepo. Mario ya kwanza haikuwa na sehemu ya kuhifadhi ulipofika. Umefika hatua ya nane, jasho linakutoka, umeme unakatika. Kesho unaanza kumkanyaga yule uyoga wa kwanza kabisa. Anayesema zamani kila kitu kilikuwa kitamu, huyo hajawahi kukatikiwa umeme akiwa hatua ya nane.

Kibanda kilikuwa na sheria zake

Halafu ikaja PS2, mwaka 2000. Mashine hiyo imeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, hakuna ya nyumbani iliyowahi kuizidi. Lakini hesabu hiyo haielezi kilichotokea uswahilini, kwa sababu huku mashine moja haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mtaa.

TV ya kichogo, benchi la mbao, pazia mlangoni kuzuia jua lisiingie kwenye kioo, pedi mbili zilizochakaa, moja kitufe chake kinagoma na kila mtu anaijua. Mia mbili au mia tatu kwa mechi. Aliyefungwa anaachia pedi, mshindi anabaki. Hakuna kudai mtandao ulikuwa mzito. Umepigwa tatu bila mbele ya watu kumi na tano, na wote wanakuangalia usoni.

Kuna mama mmoja wa Manzese, jina kapuni, aliyeendesha kibanda cha TV tatu kwa miaka kadhaa. Sheria zake zilikuwa nne: hakuna kuingia na sare ya shule, hakuna matusi, hakuna kuwekeana hela, na mdogo akifika zamu yake asirukwe. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuza karanga walikaa benchi moja wakisubiri zamu. Wengine walijifunzia pale kushindwa bila kurusha ngumi. Kibanda kilimlipia kodi na kusomesha wawili. Kilikuja kufungwa bila polisi wala serikali ya mtaa kuhusika. Wateja hawakuhama mtaa, walihamia ndani ya simu zao. Leo eneo lile lile anauza chipsi, na wale wale vijana wanakuja, wanakaa, kila mmoja kichwa chini na mechi yake na mtu asiyemjua.

Ndiyo maana wakubwa wakikumbuka San Andreas ya 2004 hawasimulii gemu, wanasimulia watu. Wanakumbuka nani alikuwa na karatasi yenye zile namba za siri, R1, R2, L1, R2, halafu mishale, silaha zinamwagika. Wanakumbuka nani alikataa kufanya misheni akawa anazunguka tu na baiskeli mjini. Wanakumbuka kadi ya kuhifadhia ya megabaiti 8 iliyoibiwa, na urafiki ulivyovunjika wiki nzima.

Sasa upande wa pili, maana kibanda nacho hakikuwa pepo. Wapo walioacha shule kwa ajili yake. Na mabinti je? Kibanda kilikuwa cha wanaume kuanzia mlangoni. Dada akiingia, watu wanaacha kuangalia TV wanamwangalia yeye. Wengi walicheza Snake kwenye Nokia ya mama na wakaishia hapo. Leo kuna binti mmoja wa Mwanza, ana jina kubwa tu kwenye makundi ya Call of Duty Mobile, anawapiga wanaume kila usiku akiwa chumbani kwao na hakuna anayemuuliza anafanya nini pale. Kwake yeye, zamani haikuwa nzuri. Zamani ilimfungia mlango. Anayesifia vibanda bila kumtaja huyo dada, anasimulia nusu ya hadithi.

Dubwi lenye nyasi za kijani

Hapa ndipo penyewe. Mwaka 2009 FIFA ikaleta kitu kinaitwa Ultimate Team. Unajenga timu kwa kadi, kadi zinatoka kwenye pakiti, pakiti unainunua bila kujua ndani kuna nani. Unaweza kulipa ukampata mchezaji wa dunia, unaweza kulipa ukapata beki wa akiba asiyejulikana hata na mama yake. Taa zinawaka, mlango unafunguka taratibu, moyo unadunda. Ni yeye? Siyo yeye. Weka tena.

Kitaani kitu hicho kina jina, na jina lake ni dubwi. Ni ile ile mashine ya sarafu iliyo pembeni ya genge, tofauti ni kwamba hii imevaa jezi. Na inalipa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, kampuni ya EA ilitangaza kuingiza dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team, na sehemu kubwa ilitoka kwenye FIFA. Hizo ni juu ya hela ya kununua gemu yenyewe. Ubelgiji walishtuka mapema. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha nchini humo walisema pakiti za aina hiyo ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuuza kule zile pointi za kununulia pakiti. Mpira uliendelea, na hakuna Mbelgiji aliyekufa kwa kukosa pakiti.

Winning nayo ikafuata njia hiyo. Jina la PES likazikwa mwaka 2021, ikazaliwa eFootball, ya bure. Bure kwenye kupakua tu. Ukishaingia ndani utakutana na kadi za magwiji, na kadi uliyoililia mwezi jana, mwezi huu imetoka nyingine yenye namba kubwa zaidi, ya kwako imekuwa karatasi.

Kuna kijana mmoja wa bodaboda, Tabata. Mtu safi, hanywi, havuti, hana dharau. Akipata abiria wawili wazuri asubuhi, buku tano inakwenda kwenye coins. Siyo kila siku, atakwambia. Mshikaji wake aliyekaa naye chini wakapitia meseji za miamala ya miezi mitatu, alikuta hela ya kununua PS2 ya mtumba, pedi mbili na TV ya kichogo, na chenji inabaki. Kijana akanyamaza. Kesho yake aliweka tena, kwa sababu wikiendi ilikuwa na ofa.

Huyo ndiye anayehusika kwenye mjadala huu. Wale mastaa wa Instagram wanaojirekodi wakifungua pakiti hamsini mfululizo, wengine wanapewa za bure ili wafungue mbele za watu. Mmoja wao, maarufu tu, wafuasi laki na kitu, aliwahi kuulizwa na shabiki kwenye laivu kama hizo hela ni zake. Akacheka, akasoma komenti inayofuata. Dogo wa Tabata hakuiona sehemu hiyo. Aliona tu mlango ukifunguka na taa zikiwaka.

Umenunua au umepanga?

Jambo la pili ni umiliki, na hili watu wanalipita haraka. Mwaka 2014 Ubisoft walitoa gemu ya magari inaitwa The Crew. Watu walilipa hela kamili. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva, na kwa kuwa gemu ilitaka intaneti muda wote, ikafa. Hata ukiwa na CD kabatini, imebaki ya kuwekea kikombe cha chai. Mwaka huo huo, Sony walitoa Concord tarehe 23 Agosti, wakaizima tarehe 6 Septemba. Wiki mbili. Hapo angalau watu walirudishiwa hela zao.

Malalamiko yakawa mengi, hadi jimbo la California likatunga sheria mwaka 2024: muuzaji wa gemu za mtandaoni asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia tu. Kwa Kiswahili cha mtaani: hujajenga, umepanga. Na kila aliyewahi kupanga anajua, mwenye nyumba akiamka vibaya hata taa ya choo ni ya kwake.

Rudi kwa San Andreas. Mwaka 2014 baadhi ya nyimbo za redio za mle ndani ziliondolewa kwenye toleo la kompyuta linalouzwa mtandaoni, kwa sababu mikataba ya muziki ilikuwa imeisha. Mtu alikuwa ameshalipa, ikaja sasisho, nyimbo zikapungua. Mwenye CD ya PS2 ya 2004, redio zake zote zinaimba mpaka leo. Hakuna wa kuingia kwake usiku kuzichukua.

Ila kuna sehemu wakubwa huwa wanakohoa wakifikishwa. Zile CD za Kariakoo zilikuwa za kuchoma. Buku mbili, jina la gemu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Aliyeitengeneza hakuona hata senti. Kila wizi wa aina hiyo, huku na kwingineko duniani, ni mojawapo ya sababu zilizofanya kampuni zihamishie gemu mtandaoni, ambako hakuna kuchoma. Mzee wa PS2 anayewacheka madogo kwa kununua coins akumbuke kwamba yeye hakuwahi kununua gemu. Bili ile haikupotea, imekuja kulipwa na wadogo zake.

Mpya siyo takataka

Kuna gemu mpya zinazoheshimu mfuko wa mtu. Stardew Valley ilitoka 2016, imetengenezwa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka minne. Ni ya shamba tu: unalima, unafuga, unavua samaki, unajuana na majirani. Unalipa mara moja, na vitu vipya ambavyo jamaa ameongeza kwa miaka yote hiyo havina bei. Bando likikata, mahindi yako yanaendelea kuota.

It Takes Two ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2021, na haichezeki peke yako. Lazima muwe wawili. Mmoja akinunua, mwenzake anaingia bure hata akiwa mji mwingine. Hicho ndicho kibanda, kimevaa nguo mpya. Na Baldur's Gate 3, mshindi wa mwaka 2023, haina duka la kadi wala pakiti za bahati ndani yake. Imeuza mamilioni. Kwa hiyo ile hoja kwamba bila dubwi kampuni zitakufa njaa, imekwama hapo.

Na za zamani nazo hazijafa. Mwishoni mwa 2023, dogo wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, aliicheza Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka gemu yenyewe ikashindwa, ikaganda kwenye kioo. Alikuwa binadamu wa kwanza kufika hapo. Gemu ilikuwa imemaliza miaka 34 sokoni, imemzidi dogo umri mara mbili na zaidi, na bado ilikuwa na siri ya kutoa. Hakuhitaji kununua matofali maalumu ya wikiendi. Alihitaji vidole na uvumilivu. Jiulize ni ngapi kati ya gemu za bure zilizoko kwenye simu yako leo zitakuwa zinawaka miaka 34 ijayo ili mtoto wa mtu aje azimalize.

Hukumu

Kwa hiyo anayesema zamani ni dhahabu na anayesema zamani ni matofali wote wanapima kwa mzani mbovu. Umri wa gemu haujawahi kumla mtu hela. Kinachomla ni gemu isiyotaka iishe, isiyotaka uimiliki, na isiyotaka uzime simu bila kuweka buku nyingine.

Kabla hujalipa, uliza vitu vitatu. Nikizima intaneti, inacheza? Ninachonunua nakijua, au nabahatisha? Mwakani kitakuwa changu bado? Gemu ikijibu vizuri maswali hayo, lipa kwa moyo mweupe, iwe ya 1985 au ya wiki iliyopita, na aliyeitengeneza ale jasho lake. Ikikataa mawili kati ya matatu, icheze kama unapenda, hakuna anayekukataza. Ila usiiite gemu yako. Ni ya watu, wewe unailipia kodi.

Na kama kwenu kuna pedi mbili, hata kama kitufe kimoja kinagoma, ita mtu. Mpe ile nzima.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Gemu gani uliilipia na bado ni yako mpaka leo? Na ipi ilikula hela yako ikazimwa ukiwa unaangalia? Shusha komenti hapo chini, ila matusi kwa mashabiki wa Winning hayaruhusiwi. Wale ni wazee wetu.